Mashavu na Zimwi Lisiloona

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa chemchemi, pakawa na jiwe juu yake.

Likakaa!

Basi nasi tukae. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii haipendi kukatizwa.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Kwembago. Maji yake yote yalitoka kwenye chemchemi moja, ndani ya pango. Walikunywa watu, wakanywa ng'ombe, wakanywa hata nyuki.

Siku moja wanawake walikwenda na mitungi mitupu, wakarudi na mitungi mitupu. Ndani ya pango, juu ya jicho la chemchemi, lilikuwa limeketi zimwi. Zimwi hilo lilikuwa limelala ardhini miaka na miaka, hata jiwe likaliota mwilini. Jiwe likafunika macho. Jiwe likafunika pua. Jiwe likafunika ngozi yote. Yalibaki masikio na mdomo tu. Halikujua joto wala baridi, halikujua njaa wala kiu.

Zimwi likanguruma: "Nimechoka na giza! Nileteeni mtu anioneshe dunia kwa maneno. Nikiiona, nitaondoka. Nisipoiona, atabaki nami, jiwe kwa jiwe."

Siku ya kwanza akaenda Shekuvi, manju wa kijiji, yule aliyeimba kwenye harusi zote na matanga yote. Aliingia kwa mbwembwe, kifua mbele.

"Ewe zimwi," akasema, "dunia ni nzuri!"

"Nzuri ikoje?"

"Nzuri ajabu!"

"Ajabu ikoje?"

"Nzuri isiyo na kifani!"

Zimwi likasema: "Sijaona, sijanusa, sijagusa. Kaa nami."

Watu waliokuwa nje walisikia sauti ya manju ikikatika, tu! Kisha kimya.

Siku ya pili akaenda Mbelwa, mume wa Mashavu, mtu wa kumbukumbu. Huyu alijua jina la kila mti na kila ndege. Mkewe Mashavu alimsindikiza mpaka mlangoni mwa pango, binti yao mdogo, Sikudhani, akiwa mgongoni, akasimama akisikiliza.

"Kuna milima," akasema Mbelwa. "Kuna mito na mabonde. Kuna mvule, kuna mkuyu, kuna msasa. Kuna kwale, kuna kanga, kuna hondohondo..."

Akataja, akataja, akataja, mpaka jua likapita utosini.

Zimwi likasema: "Umenipa majina. Sijaona, sijanusa, sijagusa. Kaa nami."

Mbelwa alikuwa katikati ya neno. Mashavu alisikia neno linaanza, akangoja liishe. Akangoja. Halikuisha.

Siku ya tatu hakujitokeza mtu. Wazee walitazamana, vijana wakatazama chini. Ng'ombe walikuwa wanalamba ukuta wa zizi.

Sasa huyu Mashavu hakuwa msemaji. Siku nzima alisema maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa ya kuwafukuza kuku. Akisimama mbele ya watu, ulimi humganda. Lakini asubuhi hiyo Sikudhani alikuwa ameacha kulia. Usiku kucha alilia, kulipokucha akanyamaza, na kunyamaza kule kulimtia Mashavu hofu kuliko kilio. Kila mara aliweka kiganja chini ya pua ya mtoto apime pumzi. Ipo. Akaondoa mkono. Akaurudisha. Bado ipo. Akaondoa. Akaurudisha.

Akamwendea mavyaa wake, Bi Mwantumu, akamkabidhi mtoto.

"Mama, nishikie. Nakwenda pangoni."

"Mwanangu, usiende! Wenye maneno wameshindwa. Wewe usiye na maneno utaweza nini?"

"Sijui, mama."

"Mwanangu Mbelwa amebaki humo. Na wewe ukibaki, huyu nitamlea na nini?"

"Nikikaa hapa, mama, nitamtazama anavyokwenda. Siwezi kumtazama."

Bi Mwantumu alimkumbatia mtoto akageuza uso.

Mashavu akapanda. Miguu inakwenda, moyo unarudi. Miguu inakwenda, moyo unarudi. Mlangoni akasimama, akataka kukimbia, akaingia.

Ndani alimkuta Shekuvi, jiwe tupu, mdomo wazi. Akamkuta Mbelwa, kidole juu, kama mtu anayetaja kitu. Mashavu akamgusa kiwiko. Baridi. Akaondoa mkono upesi.

"Nani?" likauliza zimwi.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Sikudhani."

"Nioneshe."

Mashavu akafungua mdomo. Akatafuta maneno mazuri, maneno ya manju. Hayakuja. Akasema: "Mtoto wangu ana kiu. Kiu kali. Kali sana."

"Sijaona," likasema zimwi.

Baridi ikaingia nyayoni mwa Mashavu, ikapanda mpaka magotini. Akajaribu kuinua mguu. Haukuinuka.

"Kiu... kiu inaunguza kama moto!"

"Mimi sijawahi kuungua. Hayo ya moto umeyatoa wapi?"

"Ndivyo watu wasemavyo."

"Basi wamesema watu. Wewe hujasema. Sijanusa."

Baridi ikapanda mpaka kiunoni. Mashavu alijua imebaki nafasi moja ya kusema, na baada ya hiyo Sikudhani hana baba wala mama. Akafumba macho. Maneno mazuri yakamkimbia yote, likabaki lile tu aliloliona kwa macho yake asubuhi ile. Akalisema hilo, kwa sauti ndogo, kama anayejisemea.

"Leo alfajiri nililaza mtungi. Nikatia mkono mpaka begani. Chini nikagusa tope. Lilikuwa limepasuka, kingo zimejikunja kama maganda ya muhogo juani. Nikakwangua kwa kata. Kwaruu. Kwaruu. Mtoto akaisikia. Anaijua ile sauti, anajua baada yake huja maji. Akageuza kichwa, akafungua mdomo."

Akanyamaza. Jiwe lilikuwa limefika tumboni.

"Endelea," likasema zimwi.

"Midomo yake ilikuwa imegandana. Ilipoachana ilitoa mlio, ta. Nikatia kidole ndani. Ulimi ulikuwa mkavu, unakwaruza kama ulimi wa ndama. Nikamnusa. Mtoto wangu hunukia maziwa na moshi. Leo alinuka chungu kilichosahauliwa jikoni mpaka kikaungua."

"Akalia?"

"Uso ulikunjika kama wa anayelia. Kifua kilipanda na kushuka. Halikutoka hata tone. Nikalia mimi. Chozi langu likamdondokea mdomoni, akalilamba. Chumvi tupu. Akaniangalia, akaacha mdomo wazi, akingojea jingine. Nami nilikuwa sina jingine."

Jiwe lilikuwa limefika kifuani, Mashavu anavuta pumzi kwa shida, nusu nusu. Akangoja neno "sijagusa". Akangoja. Halikuja.

Ndipo gizani akasikia sauti: gu. Zimwi limemeza mate, na mate hayakuwepo.

Gu, tena.

Gu, mara ya tatu.

"Mwanamke," likasema zimwi, na sauti yake imepasuka, "umenifanya nini? Kooni mna kitu. Kinakwaruza."

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo nini?"

"Kiu."

"Iondoe!"

"Sina maji. Umeyakalia."

Zimwi likapiga ukelele. Likatikisa mabega, jiwe likapasuka mabegani. Likatikisa kichwa, jiwe likapasuka usoni. Likainuka, pango lote likalia kama mti unaokatwa, na chini yake maji yakaruka, fyuu! Zimwi likainama, likanywa. Likanywa tena. Likanywa mara ya tatu, likifuta mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha likamwelekea Mashavu.

"Nimeona," likasema. Na lililisema neno hilo kama mtu anayejuta kuona.

Likatoka, likafuata mkondo kuteremka bondeni. Hakuna aliyeliona tena.

Maji yakamfikia Mashavu magotini, jiwe likamwachia. Yakamfikia Shekuvi, akakohoa. Yakamfikia Mbelwa, akashusha kidole, akaangaza huku na huku.

"Mke wangu, nililala?"

Mashavu hakuwa na nafasi ya kumjibu. Alikuja bila mtungi, bila kibuyu, bila hata jani la kukingia. Akavua kitambaa cha kichwani, akakichovya, akakimbia. Akajikwaa, akainuka. Akajikwaa tena, akakiminya kitambaa kifuani kisiguse vumbi, akainuka. Goti linavuja damu, hajui.

Bi Mwantumu alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mapajani. Mashavu hakuuliza. Aliogopa kuuliza. Alikamua kitambaa juu ya ile midomo. Maji yakamwagika shavuni.

Akakamua tena. Mtoto akapaliwa, akatapika.

Akakamua mara ya tatu, taratibu, tone, tone, tone. Koo la mtoto likacheza. Akameza. Kisha akakiuma kile kitambaa, akakivuta, akakishika kwa mikono yote miwili, akagoma kukiachia.

"Mwache," akasema Bi Mwantumu, machozi yakimtoka. "Mwache akile chote."

Mashavu akakaa chini. Kijiji kilikimbilia pangoni kwa vifijo, na Mbelwa akarudi mbio akimwita, lakini yeye alikaa pale pale mpaka jua likashuka, kiganja chake juu ya tumbo la mtoto, likipanda, likishuka, likipanda.

Basi wasikilizaji wangu, mjue hili. Mwenye kusema "nzuri sana" hajasema kitu, na mwenye kusema "kali sana" hajasema kitu. Ukitaka mtu ajue, mpe asikie mlio wake, mpe anuse, mpe ashike kwa vidole. Na umpe lako, ulilolipitia wewe, usimpe la kuazima.

Hadithi imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni nile mwenyewe. Nilitaka kuwaletea ushahidi, kipande cha lile jiwe la zimwi. Ninacho nyumbani. Lakini mke wangu anakisagia pilipili, na mimi mtu wa kumnyang'anya jiwe lake sijazaliwa bado.