Takataka za Bwana Mbaruku

Bwana Mbaruku, tajiri wa Tanga, alifanya karamu ili auze sarafu yake mpya ya kwenye simu, akamwita Bi Zawena aimbe taarabu. Nyimbo zilipokwisha, akataka kumlipa kwa sarafu hiyo hiyo.

"Noti zina nini, bibie? Takataka tu! Kila siku zinashuka thamani. Sarafu yangu mwezi ujao itapanda mara kumi."

Bi Zawena akasogeza maikrofoni mdomoni. "Mara kumi, bwana wee? Una hakika?"

"Naapa mbele ya wageni wangu!"

"Basi mie nikiichukua nitakuwa nimekuibia. Nimeimba nyimbo tatu tu. Hazina hiyo baki nayo mwenyewe, mie nitunze kwa takataka."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mbaruku akatabasamu kwa shida, akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa bunda nene, akaanza kumbandika noti kwenye paji la uso kama ilivyo desturi.

Bi Zawena akalikodolea macho lile bunda. "Nyingi hivyo! Kumbe mzoa taka wa mji huu ni wewe?"

Wageni, ambao walinunua sarafu mlangoni kwa noti hizo hizo, wakatazamana. Kisha wakamzunguka Mbaruku, kila mmoja akidai arudishiwe takataka zake.