Sahani ya Kuchakulo Isiyorudi Tupu

Kabla sijawaita, nitubu kwanza. Mwaka mmoja, mwezi wa Ramadhani, nilikopa mchele na mafuta dukani ili nifuturishe watu kumi na wanane. Hakuna aliyenituma. Mwenye duka alipokuja kudai, nilijificha nyuma ya mlango, nikamwambia binti yangu aseme nimesafiri. Mtoto amefunga, mama amefunga, na mama anamfundisha mtoto uongo. Mola anisamehe. Mchele niliulipa. Ule uongo bado naulipa. Basi mkiniona nakasirika humu njiani, jueni najikasirikia mwenyewe.

Haya. Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama waliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Zamani, zamani za kale kabisa, alikuwepo Kuchakulo, yule mnyama mdogo mwenye mkia wa manyoya, anayechimba shimo na kuweka akiba ya karanga. Alikuwa na mume. Alikuwa na shimo zuri, kavu, mlango unatazama jua. Jirani yake alikuwa Nungunungu.

Kuchakulo akajifungua watoto watatu. Nungunungu akasikia. Akaja na miiba yake, chakacha, chakacha, mkononi sahani ya mihogo.

"Hongera, shoga! Pokea, mzazi asilale njaa."

Mihogo ikaliwa. Sahani ikaoshwa. Na desturi ya nchi ile ni kama ya kwetu: sahani ya jirani hairudi tupu. Kuchakulo akaenda kwenye akiba. Palikuwa na vibaba viwili vya karanga, ndivyo vya kungojea mvua. Akavimwaga vyote kwenye sahani, vikafanya kilima.

Mumewe akatoa macho. "Mke wangu, umebakiza nini?"

"Nimebakiza heshima."

"Punje chache zingetosha."

"Punje chache! Unataka nisemwe mpaka ng'ambo ya mto?"

Jamani, nauliza: nani alikuwa anamsema? Hakuna! Sahani ikaenda, pa, pa, pa, na Kuchakulo anaimba:

*Sahani nenda, sahani rudi,*
*Tupu hairudi, tupu hairudi!*

Kesho yake, chakacha, chakacha, sahani ikarudi. Viazi vitamu, vimepangwa kama mlima.

Haya sasa, Kuchakulo arudishe nini? Akiba imekwisha. Viazi vya Nungunungu huwezi kumrudishia Nungunungu. Akavibeba viazi, akaenda kwa Panya Buku.

Panya Buku mnamjua? Mashavu kama mifuko. Kila kitu hukitia mashavuni, na hatemi bure.

"Karibu, mama. Karanga ninazo. Ukichukua kibaba kimoja, utarudisha viwili. Hivyo viazi niachie, vipunguze deni kidogo. Rehani yako nini?"

"Sina rehani."

"Shimo unalo. Tone la kwanza la mvua likianguka hujamaliza deni, shimo langu."

"Mvua iko mbali," akasema Kuchakulo.

Iko mbali! Kila mkopaji mvua yake iko mbali!

Karanga zikaenda. Viazi vikaja. Viazi vikapelekwa kwa Panya Buku, karanga zikakopwa tena, zikaenda. Viazi vikaja tena. Pa, pa, pa. Chakacha, chakacha. *Sahani nenda, sahani rudi!* Deni la vibaba viwili likawa vinne. Vinne vikawa vinane. Watoto wakaota meno, hawana cha kutafuna. Siku moja mdogo wao akakipata kiazi, akakitia meno, kwaa! Mama akamnyang'anya.

"Acha! Hiki si cha kula, hiki cha kulipia!"

Mumewe akasema, "Mke wangu, sahani imejaa na matumbo ni matupu."

"Nyamaza. Jirani atatusikia."

Siku ya tatu baada ya hapo, sahani ikaja. Kuchakulo akafunua. Juu kabisa ya mlima wa viazi, kiazi kimoja kina alama za meno madogo, manne.

Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akatoka mbio mpaka kwa Nungunungu.

"Shoga! Kiazi hiki umekitoa wapi?"

Nungunungu akainamisha kichwa. Miiba yote ikalala.

"Shoga, nisitiri. Nimekikopa kwa Panya Buku."

"Na karanga zangu?"

"Nampelekea yeye, zipunguze deni. Wanangu hawajaonja hata moja. Ulipojaza ile sahani ya kwanza nikasema, huyu tajiri, nisipojaza na mimi atanidharau."

"Mimi tajiri?" Kuchakulo akakaa chini. "Wanangu wananyonya vidole!"

Mnacheka? Msicheke. Karanga zile zile, viazi vile vile, vinazunguka nyumba tatu, na anayenenepa ni mmoja, mwenye mashavu!

"Rehani uliweka nini?" akauliza Kuchakulo.

"Shimo langu. Mpaka tone la kwanza la mvua."

Juu kukanguruma, gurururu. Wote wawili wakatazama angani. Tone. Tone la pili.

Panya Buku hakuchelewa. Akaja na ndugu zake arobaini, akaingia shimo hili, akaingia na lile. Kuchakulo akapiga magoti. "Baba, nionee huruma, nina watoto wachanga!"

"Mama, mimi sikubisha hodi kwako. Wewe ulibisha kwangu."

Na hapo hakusema uongo, hiyo ndiyo inayoniuma.

Wakasimama nje, familia mbili, mvua inawapiga, cho, cho, cho. Watoto wanataka kujificha chini ya Nungunungu, miiba inawachoma. Mume wa Kuchakulo akaanza kuchimba tope kwa mikono. Anachimba, linabomoka. Anachimba, linabomoka.

Kuchakulo akasema, "Shoga, ile mihogo ya siku ya kwanza, nayo uliikopa?"

"La. Ile ilikuwa yangu. Ilinizidia, nikakukumbuka. Sikutaka kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakainama kwenye tope, wakachimba pamoja na yule mume.

Waswahili husema, jikune ujipatapo. Nami nasema: kula ulicho nacho, toa ulicho nacho. Ukikopa ili uonekane unacho, utaonekana nje, mvuani, na wanao.

Hadithi yangu haina njia mbele ya hapo, imefika. Ila nakuomba jambo moja, wewe uliyenisikiliza. Jirani akikuletea chakula, nawe ndani huna kitu, mrudishie sahani yake imeoshwa, umwambie asante.