Picha Nne za Mwalimu Mwasiti

Mwalimu Mwasiti alipata kazi ya kufundisha Kiswahili ng'ambo. Mkuu wake wa shule, Bwana Lugendo, akaapa kwamba hatasaini karatasi yake yoyote ya viza.

"Utazeeka hapa hapa na chaki yako!"

"Basi nitatoroka, mkuu. Walinzi wako wote wanne ni wageni, hawanijui."

"Watakujua leo! Lete picha!"

"Ninazo hizi za pasipoti. Lakini wataamini vipi kuwa ni mimi?"

Kwa hasira mkuu aliandika nyuma ya kila picha, "Nathibitisha huyu ndiye Mwalimu Mwasiti Kibwana," akasaini, akagonga muhuri.

"Wapelekee mwenyewe, uone aibu!"

Getini mlinzi hakumjua, akamfungulia.

Ubalozini afisa aligeuza picha moja moja. "Wengine hubembeleza mwezi mzima mwajiri awathibitishie picha. Wako anakupenda."

"Sana," alisema Mwasiti. "Anaogopa nitapotea."