Kichupa cha Sungura Mzee

Mkeka wako, hata ukichakaa, ndio unaokulaza. Msala wa mpita njia huondoka naye. Mtafiti mmoja alilijua hilo kwa machozi.

Mdogo wake alizaliwa na mifupa laini, miguu ikapinda kama upinde, na vitamini D alizomeza miaka yote hazikufua dafu. Swali lilikuwa moja: je, seli zake zilikuwa na kipokezi, ile protini inayoipokea vitamini na kuitumikisha? Kikiwapo, dozi ingeongezwa. Kikikosekana, vidonge vilikuwa kazi bure, na tiba nyingine ingetafutwa.

Maabarani ilikuwapo kingamwili ya kukisaka kipokezi hicho, iliyotokana na damu ya sungura mzee aliyekwisha kufa. Kilibaki kichupa kimoja tu. Ilipokipata kipokezi, mstari ulijitokeza kwenye picha ya kipimo; ulikuwa hafifu, lakini haukuwahi kusema uongo.

Siku hiyo muuzaji alileta kingamwili mpya. Mtafiti akaipima kwenye seli za mdogo wake. Katika chumba cha giza cha kusafishia picha, mstari ulichomoza taratibu, ukang'aa kama mbalamwezi. Mtafiti alijihisi anaelea. Alimwona mdogo wake akikimbia ufukoni, miguu imenyooka, akicheka bila sauti.

"Dada, bado unakikumbatia kizee hicho?" muuzaji alimtania.

"Kimeshakula chumvi nyingi, kikapumzike," alijibu. Akakitoa kichupa jokofuni kuipisha ile mpya, akakiacha dirishani penye jua. Kisha akapiga simu. "Kipo, mdogo wangu! Kipo!"

Kesho yake mkuu wa maabara, mama wa maneno machache, aliitazama picha ile.

"Inapendeza, mwanangu. Seli zisizo na kipokezi umezipima?"

Hakuzipima. Furaha ilikuwa imemziba macho. Alipozipima, ziling'aa vilevile: ile mpya ilikuwa ikinata kwenye kila protini iliyokutana nayo. Akakimbilia dirishani. Kichupa kilikuwa vuguvugu, maji yake yamevurugika kama ya mchele. Alikijaribu hata kwenye seli zenye kipokezi tele. Picha ilitoka tupu.

Simu ikaita.

"Dada, nianze lini ile dozi kubwa? Nimeshanunua viatu vya kukimbilia."

Mtafiti alikitazama kichupa. "Mdogo wangu, nisamehe. Sijui kama kipo. Na shahidi pekee wa kumuuliza, kile kichupa cha zamani, nimemuua mwenyewe."

Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.