Karantini ya Katobe

"Ukimwita mwenye njaa karantini, atasikia kantini." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo mwenyekiti wa mtaa, aliyewaweka watu kwenye usafi tangu asubuhi bila hata chai. Mmecheka, kisha mkanijia mimi bibi yenu mniulize imetoka wapi. Mmefika penyewe. Methali hii ilizaliwa mpakani Katobe, nami nilikuwa muuguzi pale, bado nina miguu ya kukimbia.

Mwaka huo homa mpya ilizuka nchi jirani. Ilikuwa inaua, na chanjo haikuwepo. Kwetu ilikuwa haijaingia, lakini serikali ikasema hatungoji mgonjwa wa kwanza ndipo tutafute glovu. Kila mpaka ujiandae. Akaletwa Daktari Generoza, mama mfupi, mkali, mcheshi akipenda. Tukasimamisha mahema ya kuwatenga wagonjwa, tukapanga vitanda, sabuni na dawa. Nilijiona niko jeshini.

Siku ya majaribio wakaja wakubwa kutoka wizarani. Kiongozi wao, Bwana Kyaruzi, alitaka jioni ile ile atangaze redioni kwamba nchi iko tayari. Kipaza sauti kikalia: "Dereva yeyote mwenye homa aende karantini!"

Weee! Madereva wa malori walishuka kama siafu, wameshika sahani. Neno lenyewe lilikuwa geni, na kila aliyelisikia vibaya alimwita mwenzake. Mbele kabisa alikuwa Shekilindi, dereva wa miraba minne, amejishika paji la uso.

"Homa imenikamata, daktari," akasema. "Wali upo?"

"Wali gani?"

"Si mmesema kantini ya serikali? Tuko foleni hapa tangu juzi, tunakula biskuti."

Wakubwa wakacheka hadi machozi. Daktari hakucheka. "Ni karantini, baba. Mgonjwa anakaa humu wiki tatu asiambukize watu."

"Sawa. Na humo anakula nini?"

Hema zima halikuwa na sufuria hata moja. Wala hatukuwa wajinga, wajukuu zangu. Hospitali zetu mgonjwa huletewa uji na ndugu zake. Tumekua tukiona hivyo, na hakuna aliyewaza vingine.

"Ndugu zake watamletea," Bwana Kyaruzi akadakia.

"Ndugu zangu wako Korogwe, mzee," akasema Shekilindi.

"Hata wangekuwa hapa," Daktari akasema, "wangeleta uji na kurudi na homa. Mheshimiwa, leo usitangaze."

"Daktari, chakula hakimo kwenye mpango."

"Basi hatuna mpango. Mwenye njaa atatoroka apite njia za panya, na sisi tukaitafute homa Korogwe."

Bwana Kyaruzi alinuna, lakini hakutangaza kitu. Alipiga simu wizarani. Likajengwa jiko, wakaajiriwa wapishi, na mipaka yote ya nchi ikaamriwa kufanya vivyo hivyo. Madereva wakapaita Kantini. Daktari naye akaagiza kibao kiandikwe hivyo, maana jina wanalolijua watu ndilo linalowaleta.

Masika yalipoanza, homa ilikuja kweli. Shekilindi alirudi kutoka nchi jirani akiendesha huku anatetemeka. Nyumbani alikuwa na mke na kichanga, na njia za panya alizijua kuliko mbuzi. Lakini aliegesha lori, akasimama mbali nasi, akapaza sauti: "Nimekuja kantini. Leo sitanii."

Nilimlisha uji kwa mkono wangu, nimejifunika hadi macho. Niliogopa, siwafichi. Mwanzoni aliutapika wote, tukapika mwingine. Akapona, na homa haikuvuka Katobe. Siku anaondoka nilimuuliza kwa nini hakutoroka.

Akanishangaa. "Nitoroke niende wapi, sista? Hapa nilijua nitalishwa, na mwanangu nisingemuua."

Kwa hiyo mama yenu hakuwa anawacheka wenye njaa. Sikio lao halina kosa. Kosa ni la aliyeita watu kabla hajapika. Nendeni mkamwambie mwenyekiti: ukimwita mwenye njaa karantini, atasikia kantini.