Baisikeli ya Mikate Yapanda Kilima cha Waithaka

Mkulima wa kweli hupewa jembe lolote, hata lenye mpini uliopinda, naye akashika njia ya shamba. Yule mwingine huanza maswali: hili mbona zito, lile mbona fupi, jipya liko wapi? Jua la utosi humkuta palepale, akilinganisha mipini. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Asiyesadiki na asikilize yaliyotokea Waithaka, magharibi ya Nairobi, mwaka wa 1974, mvua za masika zilipokuwa zimeshika kasi.

Siku hizo vijana walikuwa na wazimu wa baisikeli. Kila msimu wa mvua walikutana Waithaka kushindana kwenye njia ya udongo mwekundu iliyoanzia madukani, ikateremka hadi kijitoni, kisha ikazunguka na kupanda kilima mpaka madukani tena. Sheria ilikuwa moja tu: ufike wa kwanza, ukiwa juu ya baisikeli. Ukianguka, shauri yako. Ukitaka kubadilisha baisikeli njiani, pia shauri yako. Mwaka huo mambo yalikuwa makubwa zaidi, maana Bwana Kivuva, kiongozi wa chama cha waendeshaji baisikeli mjini, alikuja kutafuta kijana mmoja wa kuingia katika timu yake.

Idarus alitaka kuwa kijana huyo, afe apone. Baba yake, Maalim Taib, alifundisha madrasa karibu na River Road, na alikwisha kuchoshwa na mwana aliyerudi nyumbani kila mara na magoti yaliyochubuka.

"Ukichaguliwa, nitanyamaza," Maalim alimwambia. "Usipochaguliwa, kesho yake wapanda gari la moshi kwenda Mombasa kwa ami yako, ukauze vitambaa. Habari ya baisikeli sitaki kuisikia tena. Umenifahamu?"

"Naam, baba."

Maalim hakuwa mtu wa maneno matupu. Alifika Waithaka mwenyewe, akasimama kwenye baraza la duka huku ameishika kanzu yake isiguse matope, mwavuli mkononi, aushuhudie mwisho wa upuuzi huo kwa macho yake.

Kilichomkosesha Idarus usingizi ni baisikeli. Siku za kazi alisambaza mikate mjini, na baisikeli aliyopewa kwa kazi hiyo ndiyo hiyo hiyo aliyoomba ruhusa ya kushindana nayo. Ilikuwa nyeusi, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na nyuma ilikuwa na keria pana ya kufungia makreti. Madigadi yake, yale mabati ya kukinga matope juu ya magurudumu, yalikwisha kung'olewa na mashimo ya barabara. Breki zilikufa zamani, kwa hiyo alipotaka kusimama alikandamiza soli ya kiatu chake cha akala, kilichokatwa kwenye mpira wa gari, juu ya tairi la mbele.

Jirani yao Amin, mtoto wa mwenye duka la vyombo, alikuwa na baisikeli mbili za gia, zote kutoka ng'ambo, zikimeremeta kwa madigadi ya fedha. Alikuwa amemwahidi Idarus moja. Asubuhi ya mashindano, akageuka.

"Nimefikiri tena," Amin alisema, akikipapasa kiti cha moja, kisha cha nyingine. "Hii nyepesi, lakini ile ina gia nzuri. Ndugu yangu ataishika ile kule kijitoni. Hii ikinichosha, nachukua ile."

"Amin, uliniahidi! Mimi nipande nini?"

"Si umekuja na lori lako la mikate?"

Vijana waliangua kicheko. Idarus aliona machozi yakimjia kwa hasira. Rafiki yake Were, kijana wa kutoka Busia aliyekuwa fundi wa baisikeli Kenyatta Market, alimshika bega.

"Wacha kuangalia kitu ya mwenyewe," Were alimnong'oneza. "Hii yako unaijua. Inakupeleka kila siku na mzigo, leo haina mzigo. Unalia nini?"

Idarus alifuta uso kwa kiganja. Were alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilimuuma. Kwa majuma mazima alikuwa ameota baisikeli za Amin, hata akasahau kwamba hakuna aliyeyajua matope kama yeye.

Filimbi ikalia. Amin alichomoka kama mshale, nyuma yake Wainaina, bingwa wa hapo hapo Waithaka. Idarus alianza mkiani, kwani ng'ombe wake hakuamka upesi. Lakini mteremko ulipoanza, wenzake walibana breki, rimu zenye matope zikateleza, na mmoja baada ya mwingine wakaingia vichakani. Idarus alishusha mguu, akakandamiza akala juu ya tairi, akashuka salama akiwapita.

Walipofika kijitoni, Amin alikuwa bado mbele. Hapo udongo mwekundu ulikwisha kujaa chini ya yale madigadi ya fedha, ukashikana kama ugali uliopoa, na magurudumu yakakataa kuzunguka.

"Lete ile!" Amin alimpigia kelele ndugu yake. Akaipanda ya pili. Baada ya hatua chache nayo ikaziba. "Hii mbaya zaidi! Nirudishie ya kwanza! Ngoja, hapana, ishike hii kwanza!"

Aliachwa hapo hapo, mkono mmoja kwenye usukani huu, mkono mwingine kwenye ule. Idarus, ambaye magurudumu yake hayakuwa na madigadi ya kukusanya udongo, hakugeuza hata shingo.

Ukabaki mlima, na juu yake Wainaina peke yake. Idarus alikanyaga kwa nguvu zote, lakini gurudumu la nyuma lilizunguka bure. Lilizoea uzito wa mikate, na leo keria ilikuwa tupu. Basi akajisogeza nyuma akaketi juu ya keria yenyewe, mikono imenyooka, miguu ikizifikia pedali kwa shida.

"Amekuwa mkate!" mtu alicheka.

Gurudumu likauma udongo. Ng'ombe mweusi akapanda, polepole, bila kusita. Wainaina, mwenye tairi lililokuwa likiteleza, aligeuka akamwona ubavuni, kisha akauona mgongo wake.

Kwenye baraza, Maalim Taib alikuwa amekwisha kusahau kanzu. Aliruka katikati ya matope, akiupunga mwavuli, akipaza sauti iliyozoea kukemea wanafunzi. "Kanyaga, Idarus! Kanyaga, mwanangu!"

Idarus akakanyaga. Akafika wa kwanza, mwekundu kuanzia nywele hadi vidole, akicheka na kulia kwa pamoja. Watu walimbeba juu yeye na baisikeli yake, na Were akacheza ngoma isiyokuwa na mpigaji.

"Kijana, nimekuchukua," Bwana Kivuva alisema. "Chama kitakupa baisikeli. Unataka ya aina gani?"

"Yoyote, bwana, mradi ina magurudumu."

Maalim alimkumbatia mwanawe, kanzu nyeupe ikawa nyekundu. "Ami yako atatafuta mtu mwingine wa kupima vitambaa," alisema.

Jua lilipotua, Amin alikuwa angali kijitoni akichokora udongo kwa kijiti, akimuuliza ndugu yake ipi kati ya zile mbili ingemfaa zaidi. Kweli, mchagua jembe si mkulima.