Gogo la Nyati, Sanduku la Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombea viwanja kama sisi, Kindi alirithi mzinga wa nyuki kutoka kwa bibi yake. Ulikuwa mzinga wa gogo, na ndio uliomlishia watoto.

Gogo lenyewe lilikuwa limeoza. Masika yakianza lingepasuka, na nyuki wakishalowa huhama wasirudi tena. Basi Kindi akachonga mzinga mpya wa sanduku, wenye fremu ndani, akaona mambo yamekwisha.

Wapi! Alilishusha gogo kutoka mtini, akakata sega moja, akalijaribu kwenye fremu. Sega la gogo ni la duara, fremu ina pembe nne. Akilisukuma huku, linatokeza kule. Mwisho likamvunjikia mikononi, asali ikamchuruzika mpaka viwikoni.

Ilibaki njia ya bibi yake. Unasimamisha gogo wima juu ya mawe, unafukiza moshi chini, kisha unaligonga ubavuni bila kukoma, mpaka nyuki wapande juu wote na malkia wao. Kindi akagonga. Ti-ti-ti! Nyuki hata hawakushtuka. Vidole vile vingetikisa gogo gani? Akakaa chini akalia, maana mawingu ya mvua yalishaonekana.

Mara akatokea Nyati, anapumua fuu! fuu!

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Gogo hili lilikuwa linaning'inia kwenye mgunga wangu. Kwa hiyo ni langu. Nataka asali yangu leo hii."

"Lakini mzee, mzinga ni wa marehemu bibi!"

"Huyo bibi yako aliwahi kuuliza mti ni wa nani? Nipishe kabla sijakukanyaga!"

Kindi akasogea pembeni. Akatazama kwato za Nyati, zile kwato nene, kisha akalitazama gogo. Machozi yakakauka yenyewe.

"Haya mzee, sina ubishi. Ila tumwite Mjumbe Kobe ashuhudie, usije ukasema nimekuibia."

Kobe akaja, kwa mwendo wake mnaoujua. Nyati alipiga miayo mara tatu akimsubiri.

"Gogo na asali yote iliyomo ni ya Mzee Nyati," akasema Kindi. "Mimi nabaki na sanduku langu, na chochote kitakachokuwa ndani yake."

Nyati akachungulia sandukuni. Tupu! Akacheka mpaka masikio yakamcheza.

"Kuna nini humo, hewa? Chukua!"

"Nimesikia," akasema Kobe. "Gogo la Nyati, sanduku la Kindi."

Nyati akaingiza pua kwenye gogo. Chwi! Akarudi nyuma mbio.

"Uwii, pua yangu! Sasa nitakulaje?"

"Nyuki watoke kwanza kwenye masega, mzee. Piga gogo kwa kwato, polepole, usikome. Watapanda juu. Ila juu pakiwa wazi, watakuvaa usoni."

"Basi paziba!"

"Na nini? Sina kitu, ila hili sanduku langu."

"Weka hilohilo! Unataka nife?"

Kindi akaling'oa sanduku ubao wa chini, akalifunika juu ya mdomo wa gogo. Akawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, moshi ukapanda.

Ngo! Ngo! Ngo! Nyati akaanza kupiga. Baada ya muda akanogewa, akatia na wimbo: "Asali yangu, ngo! Peke yangu, ngo!"

Kindi alitega sikio kwenye sanduku. Kimya. Ngo! Ngo! Kisha vvv, kwa mbali. Kisha vvvuuu! Akachungulia kwenye ufa, akamwona malkia anapita, mrefu, hana haraka. Furaha ilitaka kumtoa ukelele, akajiziba mdomo kwa mkia.

"Tosha, mzee. Karibu mezani."

Akarudisha ubao, akaliburuta sanduku lake mpaka kwake. Nyati hakugeuka hata kumtazama. Alilipasua gogo, paa! Akala asali, akala nta, akala na mabuu. Alasiri ilipofika, gogo lilikuwa vibanzi.

Masika yakapita, maua yakachanua. Nyati akakumbuka utamu. Akaenda chini ya mgunga, hapakuwa na hata nyuki mmoja. Akafuata mlio, vvvuuu, mpaka uani kwa Kindi. Akakuta sanduku limejaa asali, na watoto wa Kindi wanalamba vidole.

"Mjumbe! Mjumbe! Nimeibiwa nyuki!"

Kobe akaja, na mnajua kwa muda gani.

"Nyuki walikuwa kwenye gogo," akasema Kobe. "Nani aliwatoa?"

Nyati akalamba pua yake.

"Na nani aliamuru sanduku liwekwe juu?"

Nyati akatazama kwato zake.

Kindi akaingia ndani, akatoka na asali kidogo kwenye jani, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Pokea, mzee. Mpiga ngoma haondoki shughulini mikono mitupu."

Basi wanangu, anayetamani asali akawadharau nyuki, atalamba siku moja tu.